Namna Taifa Jipya Linavyoanzisha Sarafu Yake

Siku nchi inapopata uhuru, bendera hubadilika usiku wa manane, lakini fedha iliyomo mifukoni mwa watu kesho yake asubuhi huwa ni ileile ya jana. Mishahara hulipwa kwa fedha hiyo, kodi hukusanywa kwa fedha hiyo, na uamuzi kuhusu wingi wake na riba yake hufanywa katika mji mkuu wa nchi nyingine. Mwongozo huu unaeleza hatua ambazo serikali mpya inapaswa kuzipitia ili kutoka katika hali hiyo na kuwa na sarafu yake yenyewe, tangu kutunga sheria hadi kuteketeza noti za zamani.

Ni vyema kusema mapema kazi nzito iko wapi. Mjadala wa sarafu mpya hupenda kuganda kwenye jina lake na picha zitakazowekwa kwenye noti, ilhali uchapishaji ndio sehemu nyepesi kuliko zote, kwa kuwa kampuni zinazochapa noti za mataifa mengine zipo na zimeizoea kazi hiyo. Uzito uko katika mambo mawili: kuiondoa fedha ya zamani kwenye mzunguko bila kumdhulumu mwananchi wala kumtajirisha mlanguzi, na kuizuia serikali isije ikaufanya mtambo wa noti kuwa chanzo chake cha mapato. Hatua zote zinazofuata zinahudumia mojawapo ya hayo mawili.

Kuamua kama wakati umewadia

Swali la kwanza ni kama nchi inaihitaji sarafu yake sasa hivi. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, lakini zote ziliendelea kutumia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, hadi mwaka 1966 ambapo Tanzania, Uganda na Kenya zilizindua kila moja shilingi yake. Muda huo uliwezesha sheria kutungwa na benki kuu kuundwa kabla ya noti mpya kutolewa. Timor ya Mashariki ilianza kutumia dola ya Marekani mwaka 2000 na inaitumia mpaka leo, ikiwa imeongeza tu sarafu zake za chuma za thamani ndogo tangu mwaka 2003. Kosovo nayo inatumia euro bila kuwa mwanachama wa kanda ya euro. Nchi ya namna hiyo hukosa faida inayotokana na kutoa noti na hukosa uwezo wa kupanga riba yake, ila hujipatia utulivu wa bei ambao taasisi zake changa pengine zisingeweza kuuleta.

Kusubiri, hata hivyo, kuna hatari yake ikiwa fedha inayosubiriwa haina mwenye kuidhibiti. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwishoni mwa mwaka 1991, jamhuri nyingi zilibaki na rubli. Moscow peke yake ndiyo iliyochapa noti, lakini benki kuu ya kila jamhuri iliweza kukopesha rubli kwenye vitabu vyake, na kila moja ilikuwa na sababu ya kukopesha kwa wingi kwa kuwa maumivu ya kupanda kwa bei yaligawanywa kwa wote. Mwezi Julai 1993 Urusi iliziondoa noti za zamani kwenye mzunguko, na nchi zilizokuwa zimebaki zikalazimika kufanya haraka. Kazakhstan ilitoa tenge yake mwezi Novemba mwaka huohuo, kwa noti zilizokuwa zimechapwa Uingereza na kuingizwa nchini kimyakimya kwa ndege. Kipimo ninachokipendekeza, basi, ni hiki: kama fedha ya sasa ina msimamizi mmoja mwenye nidhamu, subiri hadi ujiandae, kama ina wasimamizi wengi au haina kabisa aliye makini, anza maandalizi siku hiyohiyo.

Sheria na benki kuu kwanza

Noti isiyo na sheria nyuma yake ni karatasi. Bunge linapaswa kupitisha sheria mbili, ambazo zinaweza kuwekwa katika hati moja: ile inayounda benki kuu, na ile inayotaja sarafu, mgawanyo wake katika senti au kipimo kingine, na kwamba ndiyo fedha halali kwa malipo ndani ya mipaka ya nchi. Sheria ya benki kuu itaje kipindi cha gavana na sababu chache zinazoweza kumwondoa madarakani, itaje wajibu wa kutangaza hesabu, na zaidi ya yote itaje ukomo wa fedha ambazo benki inaweza kuikopesha serikali. Kenya, kwa mfano, imeweka ukomo huo kuwa asilimia 5 ya mapato ya serikali kwa mujibu wa hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Kiwango chenyewe kinaweza kujadiliwa, lakini kiwe namba iliyoandikwa ndani ya sheria, kwa maana maneno kama "kwa kiasi kinachofaa" hayajawahi kumzuia waziri wa fedha mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi.

Benki kuu haihitaji kukamilika ndipo nchi ianze kujitenga kifedha. Pakistani ilipopata uhuru Agosti 1947, Benki Kuu ya India iliendelea kuihudumia kwa muda, na noti za India zilipigwa chapa ya ziada yenye maneno ya Serikali ya Pakistani kwa Kiingereza na Kiurdu. Benki ya Taifa ya Pakistani ilifunguliwa tarehe 1 Julai 1948 na kuipokea kazi hiyo. Mpango wa mpito wa namna hiyo unafaa sana, mradi uandikwe kwenye mkataba wenye tarehe ya mwisho.

Mkataba huohuo ndio mahali pa kudai haki ya mgawanyo. Kila noti iliyotolewa na mamlaka ya zamani ni deni lake, na nyuma ya deni hilo kuna dhahabu, fedha za kigeni au hati fungani. Nchi inayozikusanya noti hizo kwa wananchi wake ina haki ya kudai sehemu ya mali hiyo, lakini haki hiyo isipowekwa kwenye maandishi kabla ya kuachana, hugeuka ugomvi. India na Pakistani zilikubaliana kwamba Pakistani ipewe rupia milioni 750 kutoka kwenye salio la pamoja. Milioni 200 zilikwisha kulipwa, lakini milioni 550 zilizuiwa kwa sababu ya mapigano ya Kashmir, na zikaja kuachiwa Januari 1948 wakati Gandhi alipokuwa amegoma kula. Fedha iliyo mkononi mwa mwenzako ni ngumu kuipata baada ya uhusiano kuharibika.

Akiba na kiwango cha ubadilishaji

Baada ya sheria, benki kuu itafute akiba ya fedha za kigeni. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba akiba itoshe kulipia bidhaa zinazoagizwa kutoka nje kwa muda usiopungua miezi mitatu. Kwa sarafu changa ningependa kipimo cha pili kiangaliwe pia, yaani ni kiasi gani cha noti na amana zilizomo benki kuu kingeweza kubadilishwa iwapo watu wote wangeamua kuikimbia sarafu hiyo kwa pamoja. Uanachama wa Shirika la Fedha la Kimataifa uombwe mapema, kwa sababu mchakato wake huchukua miezi na ndio unaofungua mlango wa mikopo ya dharura na wataalamu. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011 na kujiunga na shirika hilo Aprili 2012, wakati ambapo sarafu yake ilikuwa tayari inazunguka.

Kuhusu kiwango, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuifunga sarafu kwa fedha ya kigeni chini ya masharti ya bodi ya sarafu, ambapo kila noti inayotolewa lazima iwe na akiba ya kigeni inayolingana nayo. Ya pili ni kuifunga kwa uamuzi wa kawaida unaoweza kubadilishwa. Ya tatu ni kuiacha ielee sokoni. Estonia ilichagua ya kwanza. Kroon, sarafu yake, ilipozinduliwa Juni 1992, sheria ilitamka kwamba kroon 8 ni sawa na mark 1 ya Ujerumani na kwamba benki kuu haina mamlaka ya kuishusha thamani. Sehemu ya akiba ilitokana na dhahabu iliyowekwa nje kabla ya mwaka 1940, ambayo nchi zilizoitunza ziliirejesha. Kiwango hicho hakikuguswa mpaka Estonia ilipoingia kwenye euro mwaka 2011, isipokuwa kwamba mark yenyewe ilikuwa imekwisha kumezwa na euro. Gharama ya njia hii ni kwamba benki ya biashara ikiyumba, benki kuu haiwezi kuchapa noti za kuiokoa, na serikali inayotumia kuliko inavyokusanya hukwama mara moja. Kwa nchi mpya, gharama hiyo naiona kuwa faida.

Mfano wa upande wa pili unasikitisha. Sudan Kusini ilianza na pauni yake ikiwa na thamani sawa na ya Sudan, huku takribani asilimia 98 ya mapato ya serikali yakitokana na mafuta. Januari 2012 ilisimamisha uzalishaji wa mafuta kutokana na mgogoro wa ada za bomba na Sudan, dola zikakauka, na pengo kati ya kiwango rasmi na cha mitaani likapanuka. Hatimaye Desemba 2015 kiwango rasmi kiliachwa kielee na thamani ikaporomoka. Nchi yenye chanzo kimoja cha fedha za kigeni isiahidi kiwango ambacho chanzo hicho kikikatika kwa miezi michache haitaweza kukilinda.

Noti zenyewe

Hapa nitapita upesi. Agizo la uchapaji litolewe mapema, pengine mwaka mzima kabla, na liwe na ziada ya kutosha kufidia noti zitakazochakaa. Thamani zifuate ngazi ya moja, mbili na tano, na mshahara wa wastani wa siku moja utumike kama rula: noti kubwa isizidi malipo ya siku chache, na sarafu ndogo ya chuma iwe na kitu cha kununua. Noti ndogo na sarafu za chuma ziagizwe nyingi kuliko inavyodhaniwa, maana zikipungua wauzaji hupandisha bei hadi kwenye noti inayopatikana, na lawama huiangukia sarafu mpya. Alama za usalama zisiwe za kujaribia. Guinea ilipoanzisha franka yake mwaka 1960, baada ya kujitenga na Ufaransa, ilishambuliwa kwa noti bandia zilizosambazwa kwa mkono wa idara ya ujasusi ya Ufaransa. Omba pia msimbo wa kimataifa wa herufi tatu, ambao kwa kawaida herufi zake mbili za kwanza ni za nchi na ya tatu ni ya sarafu, kama TZS au KES, kwa sababu mifumo ya kibenki inauhitaji ili kutuma na kupokea malipo.

Jina na picha vinaweza kusubiri. Slovenia ilitoa noti zake za muda Oktoba 1991 zikiwa na namba tu, bila jina la sarafu, na zilifanya kazi. Ukraine kwa upande wake ilichapisha noti za hryvnia mwaka 1992 ikazifungia ghalani hadi Septemba 1996, kwa kuwa uchumi ulikuwa unaungua: mwaka 1993 mfumuko wa bei wa karbovanets, sarafu yake ya mpito, ulizidi asilimia 10,000. Hryvnia ilipotolewa, 1 ilibadilishwa kwa karbovanets 100,000. Kuziweka akiba noti nzuri kwa miaka minne ulikuwa uamuzi wa busara, kwani zingetolewa mapema zingeungua pamoja na nyingine.

Juma la kubadilisha fedha

Hili ndilo juma ambalo kazi yote ya miezi iliyotangulia hupata au kukosa maana, kwa hiyo lipangwe kwa undani kuliko kitu kingine chochote.

Hatari kuu inaeleweka kwa urahisi. Fedha ya zamani inazunguka pia nje ya mipaka, na mara inapojulikana kwamba nchi fulani itaipokea kwa kiwango kizuri, fedha hiyo hufurika kutoka kila upande. Kinyume chake, kiwango kikiwa kibaya, noti za wananchi hukimbilia nje kununua bidhaa kabla hazijafa. Ndiyo maana tarehe hufichwa hadi siku za mwisho na mipaka hufungwa. Alois Rašín, waziri wa fedha wa Chekoslovakia, aliandaa kwa siri kuzitenga noti za himaya ya Austria na Hungaria iliyokuwa imesambaratika. Mwishoni mwa Februari 1919 bunge lilipitisha sheria katika kikao cha faragha, mipaka ikafungwa, na mwanzoni mwa Machi noti zilizokuwa nchini zikabandikwa stempu. Sehemu ya noti hizo ilizuiwa kama mkopo wa lazima kwa serikali, hatua iliyopunguza wingi wa fedha palepale. Stempu ya kubandikwa ilichaguliwa kwa kuwa muhuri wa mpira ni rahisi kughushiwa.

Mbinu hiyohiyo ilirudi miaka 74 baadaye. Ucheki na Slovakia zilipoachana tarehe 1 Januari 1993, zilikubaliana kubaki na koruna moja kwa muda, lakini akiba za watu na makampuni zilianza kukimbilia benki za Ucheki, na tarehe 8 Februari muungano wa fedha ulikoma. Noti zilibandikwa stempu za kila nchi, kiwango kikawa moja kwa moja, yaani koruna moja mpya kwa moja ya zamani, na kila mtu aliruhusiwa kubadilisha taslimu hadi koruna 4,000. Kilichozidi kiliingizwa kwenye akaunti. Noti za thamani ndogo na sarafu za chuma ziliachwa zizunguke bila stempu kwa miezi kadhaa, jambo lililowaokoa wauzaji wadogo na uhaba wa chenji. Mpango huu ndio ninaoupendekeza kwa nchi yoyote ambayo noti zake bado zimo mitamboni.

Kwenye kituo cha kubadilishia, mpangilio uwe hivi. Mtu anayeingia akutane kwanza na mwenye orodha, ambaye hukagua kitambulisho, hukata jina na kuweka alama kwenye kitambulisho hicho; Estonia iliwaandikisha wakazi kabla ya Juni 1992, na kila aliyeandikishwa aliruhusiwa kubadilisha rubli 1,500 kwa kiwango cha rubli 10 kwa kroon 1. Meza ya pili hupokea noti za zamani na kuzihesabu mara mbili mbele ya mwenyewe, kisha humwandikia stakabadhi ya nakala mbili. Kabla mwenyewe hajaondoka mezani, noti hizo hutobolewa kwa mashine au hukatwa pembe, ili zisiweze kutoka kwa mlango wa nyuma na kurudi kwenye foleni. Meza ya tatu hulipa fedha mpya kwa stakabadhi, na anayelipa asiwe yule aliyehesabu. Jioni, idadi ya noti zilizotobolewa, ya stakabadhi na ya fedha iliyolipwa zilinganishwe, na kituo kisichowiana kisifunguliwe kesho yake hadi kielezwe. Wagonjwa, wazee na wafungwa wapelekewe maafisa walipo.

Amana zilizomo benki ni rahisi zaidi, na leo ndizo nyingi. Benki hufungwa mwisho wa juma, akaunti zote zikageuzwa usiku kwa kiwango kilekile, na mifumo ya malipo ya simu ikasimamishwa kwa saa hizohizo ili kusiwe na mwanya kati ya fedha za aina mbili. Kiwango cha moja kwa moja, kama kilichotumika Afrika Mashariki mwaka 1966 ambapo shilingi mpya zilianza zikiwa sawa na ile ya Bodi, kina faida kubwa kuliko inavyosemwa: mtu hahitaji kufanya hesabu ili kujua kama ameibiwa.

Mikataba, madeni na majirani

Sheria ya ubadilishaji itamke wazi kwamba kila mkataba, mshahara, kodi ya nyumba na deni lililoandikwa kwa fedha ya zamani na linalotawaliwa na sheria za nchi linasomwa kwa fedha mpya kwa kiwango kilichotajwa. Bila kifungu hicho, mahakama zitajaa kesi kwa miaka. Mikataba inayotawaliwa na sheria za nchi nyingine haiguswi na tamko hilo, hivyo ichambuliwe mmojammoja.

Jirani aliyetoa fedha ya zamani azungumzwe naye kabla, kwani yeye pia ana noti zake za kuzilinda. Eritrea ilipotoa sarafu yake, nakfa, Novemba 1997, ilitarajia izunguke sambamba na birr ya Ethiopia kwa thamani sawa. Ethiopia ilikataa, ikabadilisha noti zake na kutaka biashara kubwa kati yao ilipwe kwa fedha za kigeni. Biashara ya mpakani ikadorora, na uchungu huo ulikuwa miongoni mwa yaliyoharibu uhusiano kabla ya vita vya mwaka 1998. Sudan nayo ilitoa noti mpya siku chache tu baada ya pauni ya Sudan Kusini kuanza kuzunguka, na Juba ikabaki na shehena ya pauni za zamani ambazo hapakuwa na wa kuzipokea. Makubaliano ya nani ananunua noti zilizokusanywa, kwa thamani ipi na kwa muda gani, yasainiwe kabla ya tarehe ya uzinduzi kutangazwa hata ndani ya baraza la mawaziri.

Miezi inayofuata

Baada ya vituo kufungwa, benki kuu ibakize dirisha moja kwa waliochelewa kwa sababu zinazothibitika, kama waliokuwa safarini au hospitalini. Noti zilizotobolewa zihesabiwe upya mbele ya mkaguzi wa serikali na mwakilishi wa nchi iliyozitoa, kisha ama zirejeshwe kwake kwa malipo, ama ziteketezwe na hati ya kuteketezwa isainiwe na pande zote mbili, kwa kuwa hati hiyo ndiyo ushahidi wa dai la mgawanyo wa mali. Mizania ya benki kuu itangazwe kila juma kwa angalau mwaka mmoja, ikionyesha noti zilizotolewa, akiba iliyopo na deni la serikali kwa benki, na gavana aitwe mbele ya kamati ya bunge kila deni hilo linapokaribia ukomo uliowekwa na sheria.